Onja Kwanza

Kompyuta ya Poni ilikuwa ikizima yenyewe kila ikifika saa ya pili ya kazi, na Ijumaa ilikuwa inakuja mbio. Chumba chake cha kupigia chapa pale Koboko kilikuwa na bati bila dari, na mwezi ule wa tatu joto lilikuwa la kukaangia ufuta. Feni zilipiga kelele, mashine ikachemka, kisha skrini ikawa giza. Poni akapiga meza ngumi mpaka kikombe kikaruka.

Usimcheke. Ndani ya mashine ile mlikuwa na makaburi kumi na mawili ya kijijini kwao Lobule, ya baba yake, ya mama yake, ya bibi na wengine, yaliyopigwa picha kutoka juu na droni mwezi wa kwanza. Picha mia sita! Wiki mbili baadaye baba yake mdogo, Yugu, alileta trekta, akayalima yote, akapanda muhogo. Na kwetu huku ardhi ni ya mwenye makaburi. Ukiyafuta, umemfuta mtu. Majirani waliyajua tangu utotoni, lakini wote walilima kwa ruhusa ya Yugu, mtu aliyekulia kambi ya jeshi, mzoefu wa kutoa amri, na ghafla kila mmoja akawa hakumbuki. Ijumaa wazee wa ukoo wangekaa kuamua shamba ni la nani. Picha moja moja ilionyesha kipande cha majani tu, ingekuwa shamba la yeyote. Zilitakiwa kuunganishwa ziwe ramani moja, yenye makaburi, kijito na barabara, kazi ya zaidi ya saa kumi na mbili bila mashine kupumzika.

Kwa nini asizipeleke Arua kwenye mashine yenye nguvu? Kwa nini hakuweka nakala hata moja? Muulize mwenyewe. "Kitu kikiwa kimoja, nakilinda mara moja," ndivyo alivyosema, na alijiona mjanja.

Jumapili simu ikalia. Alikuwa Akram, fundi wa kompyuta mjini Arua. "Dada, nimesikia mashine yako iko na homa. Mimi naweza kuitia maji, itapoa."

Poni alishukuru kwa mdomo, lakini mwili ulimsisimka. Akram ni mtoto wa Yugu, wa kumzaa. Nani alimwambia habari ya mashine? Na kwa nini sasa, wiki hii? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Lakini fundi mwingine wa kazi ile hakumjua, kwa hiyo akasema njoo.

Akram alifika Jumanne na mfuko wa vyuma. Kulikuwa na bamba la shaba la kukaa juu ya sehemu ya kompyuta inayochemka, rejeta ndogo, pampu ya ukubwa wa ngumi, kitangi cha plastiki na mipira ya maji ya kuona ndani. Alikata mipira kwa wembe, akachovya ncha zake kwenye maji moto zilainike, akazisukuma kwenye midomo ya shaba, akakaza vibano. Alieleza kwa upole kwamba maji yatabeba joto mpaka kwenye rejeta, feni italipuliza nje, yatarudi yamepoa, mzunguko hauishi. Poni alimtazama vidole tu. Alipomkaribisha chakula akakataa. Ilikuwa Ramadhani, na Poni alijua, lakini moyo wake uliandika hilo nalo kwenye mashaka.

Jumatano asubuhi Akram akarudi na chupa ya maji ya betri, yale maji safi yasiyo na chumvi. Kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa.

"Nani amefungua?" Poni akauliza.

"Mimi. Nimeoshea rejeta."

Ala! Sokoni maji ya betri na asidi ya betri huuzwa kwenye chupa za namna moja, kila mtu anajua. Kikombe kimoja cha asidi kingekula mipira na shaba, na makaburi yangezikwa mara ya pili. Na ninyi mnajua desturi yetu: anayekuletea kinywaji hukionja kwanza mbele yako, uone hakina kitu. Lakini anaonja bila kuambiwa. Ukishamwambia, umemwita mtia sumu, na jina hilo halitoki kwa sabuni.

"Onja kwanza," Poni akasema.

Agnes Keji, mshonaji wa barazani, akasimamisha cherehani. Wateja wawili wakageuka.

"Dada, mimi niko na saumu."

"Najua."

"Poni!" Agnes akapiga kelele. "Mtoto wa watu amefunga! Wewe uko na akili kweli?"

Poni hakurudi nyuma. Akram akaichukua chupa. Kisha akanywa mafunda matatu, asubuhi kweupe, mbele ya watu, akafuta mdomo.

"Washa pampu peke yake, siku moja na usiku wake," akasema. "Weka tishu chini ya kila kiungo. Ikilowa hata kidogo, usiwashe kompyuta." Akaacha chupa mezani, akaenda zake.

Aibu ilimchoma Poni, sitaki kumsingizia. Alimimina maji yale, pampu ikanguruma kidogo, mapovu yakazunguka mpaka yakaisha. Tishu zilikuwa kavu saa sita, kavu saa tisa. Angesubiri mpaka Alhamisi asubuhi, ramani ingekuwa tayari Alhamisi usiku. Hesabu ilitosha. Lakini hofu haina hesabu. Siku moja na usiku wake? Kwani si ndivyo Yugu angetaka, muda upite? Saa kumi jioni akawasha.

Jamani, ilifanya kazi! Kimya, bila joto, asilimia kumi, ishirini. Poni alicheka peke yake, akala vizuri, akalala.

Asubuhi chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Mpira wa chini ulikuwa umelegea kwenye kibano, ukateleza kwenye mdomo wake taratibu, na maji yakashuka tone kwa tone juu ya diski yenye picha zote. Tishu ya pale ilikuwa imelowa chepechepe. Poni akakimbia na diski mpaka Arua, kwa fundi mmoja anayeitwa Jude, naye akaifungua, akaisogeza mwangani, akatikisa kichwa. "Mama, hii imekwisha."

Ijumaa alikwenda Lobule mikono mitupu. Yugu alikuwa kiti cha mbele, lakini uso wake haukuwa wa mshindi. Alikuwa anasokota tasbihi bila kuhesabu. Akram alikaa nyuma peke yake, katika kanzu iliyopigwa pasi.

Poni alieleza habari ya mashine. Wazee wakaguna. Mkubwa wao akasema, "Pole, binti. Lakini sisi hatukungoja ramani. Wiki jana Akram alitujia akasema alikuwa pale siku ya trekta, na atasema mbele yetu alichoona. Baba yake amemfukuza nyumbani kwa ajili hiyo. Simama, kijana."

Akram akasimama. "Wazee wangu, mimi sina neno."

"Wiki jana ulikuwa na neno."

"Ndiyo. Lakini shahidi mwenye jina la mtia sumu, mtamsikiliza? Koboko nzima inaongea." Hakumtazama Poni.

Hata Yugu aligeuka kumtazama mwanawe, mdomo wazi.

Poni aliinuka. Akasema yote, chupa, saumu, mafunda matatu, na kwamba maji yalikuwa maji. Akalia mbele ya wanaume wale. "Nimekosa, ndugu yangu. Nilikuogopa bure."

"Nimesikia, dada. Lakini jina lile halitoki kwa sabuni," Akram akasema kwa upole, akakaa.

Mkubwa akamngoja aseme ya trekta. Akamwita tena kwa jina, mara mbili. Akram aliinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, mpaka mzee akachoka, akamwambia mwandishi aandike kwamba shahidi hakuna, shamba ni la Yugu.