Kilichofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Tangu asubuhi Émérance alikuwa ameketi barazani pa materniti, nyumba ya kuzalia ya misioni pale Kasongo, kamba nyembamba ya mgomba ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Aliisokota mwenyewe, laini kama unywele, jinsi mama mkwe wake alivyomfundisha zamani. Katika ukoo wa marehemu mumewe watoto wengi huzaliwa na kidole cha sita, kidogo, kinachoning'inia pembeni mwa kidole cha mwisho. Bibi ndiye hupokea mtoto. Hukifunga kidole kile kabla baba hajaingia, nacho hukauka, hudondoka, huzikwa nyuma ya nyumba. Wanaume hawaambiwi, wala mabinti wa ukoo. Ni jambo la wanawake, na husemwa kwamba anayelitaja anakiita kidole kirudi.

Lakini Wabelgiji walikuwa wamefungua materniti, na Octave, mwanawe, hakutaka mkewe azalie nyumbani. Octave alikuwa mtu wa koti jeupe, msaidizi katika laboratwari ya dawa, na jioni alisoma kwa Furere Grégoire, bruda Mzungu wa misioni. Basi Pascaline akazalia mikononi mwa sista. Wa kwanza kumwona mtoto akawa sista, wa pili Octave. Émérance alipoitwa, kamba yake haikuwa na kazi tena. Mwanawe alikuwa amekwisha kuhesabu. Sita huku, sita kule.

"Mutoto iko muzuri," sista alisema kwa Kiswahili chake.

Octave alihesabu tena.

Mjini alikuwako mtu mmoja tu ambaye kila mtu alijua ana vidole sita. Bulaimu, fundi cherehani wa sokoni, Mwislamu. Kwao hawakuondoa alichoumba Mungu. Naye ndiye aliyemshonea Pascaline nguo za mimba.

Jumapili, baada ya misa, Octave aliwaita watu wa nyumba na majirani. Aliweka kitunguu mezani, wakadhani ni cha mchuzi.

"Sikieni," alisema. "Nimetazama ncha ya mzizi wa kitunguu katika mikroskopi. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo sana, vinaitwa seli. Seli moja inagawanyika, zinakuwa mbili. Mbili zinakuwa nne. Ndani yake mna vitu kama nyuzi fupi. Kabla seli haijagawanyika, kila uzi unajinakili, nakala moja inakwenda huku, nyingine kule. Hakuna kinachopotea, hakuna kinachoongezeka. Ndivyo mtoto anavyojengwa kutoka seli moja, nusu ya baba, nusu ya mama." Alinyosha mikono. "Mimi, tano. Pascaline, tano. Cha sita kimetoka kwa nani?"

"Kwa Mungu," alisema Pascaline.

"Mungu haiko na cherehani sokoni," akasema Emilienne, dada mkubwa wa Octave. Watu wakacheka.

Pascaline alimkumbatia mtoto. "Octave, kwa fundi tulikwenda wote. Vifungo ulichagua wewe."

"Mara ya kwanza. Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilikwenda kuchukua nguo tu."

"Akakupa na matabishi, nyongeza ya bure," Emilienne alisema. Safari hii walicheka hata wale waliokuwa wakimhurumia.

Pascaline akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, nyie mumezaa, mumepokea watoto wengi. Museme kitu."

Neno moja lingetosha. Émérance angemshika mwanawe mkono, angeuweka wazi mbele ya watu, yangekwisha. Lakini yeye alikuwa amemtaka Cécilia, binti wa katekista, na Octave akamletea huyu Mbangubangu, mtu wa kabila jingine, wa kule Wamaza. Tena tangu Pascaline aingie, Octave alimsimulia mkewe kwanza kila alichojifunza jioni. Mama alipata habari baadaye, kama jirani. Hilo lilimchoma kuliko kitu kingine. Alikuwa na rozari mkononi na aliomba, kweli aliomba. Lakini kuna sala ambayo mtu huisali kwa sauti ili asisikie jibu.

"Mimi sijui mambo ya seli," alisema.

Pascaline aliinuka. Kisha akafunga mtoto mgongoni.

Kesho yake alishika njia ya Kabambare kwa miguu, kurudi kwao. Emilienne alimsindikiza kwa wimbo wa kejeli hadi mwisho wa mtaa, na watoto walimnyoshea vidole sita hewani, mkono mmoja na kimoja cha mkono wa pili. Octave hakutoka nje. Émérance alifagia chumba cha mkwe wake, akafagia tena.

Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa siku Octave aliporudi kutoka masomoni akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Leo Furere amemaliza somo," alisema. "Lile nililowafundisha lilikuwa nusu. Seli zinazotengeneza mbegu ya mtoto hazigawanyiki kama za kitunguu. Nyuzi zilizotoka kwa baba na zilizotoka kwa mama zinalala pamoja, zinabadilishana vipande, halafu zinagawanywa, nusu huku, nusu kule, bila kuchagua. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawafanani. Tena katika kunakili mna makosa. Anasema ni kama mtu anayenakili kitabu cha misa. Siku moja anaongeza neno, na wote wanaonakili kwake wanaliandika neno lile."

"Furere anasema vizuri."

"Nilimwuliza kama kidole cha sita kinaweza kutoka kwa mtu wa vidole vitano. Akaniomba mkono. Akapapasa hapa." Aligusa ubavu wa kidole chake cha mwisho, penye kinundu kidogo kama punje ya mchele. "Na huku pia. Akauliza nani alikata. Mama, nani alikata?"

"Hakuna aliyekata. Bibi yako alifunga." Émérance aliendelea kupepeta mchele. "Baba yako naye alifungwa. Na baba yake. Nyinyi wote."

"Na siku ile ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza mimi, mwanangu. Uliuliza kitunguu."

Octave alichukua baiskeli, akaenda Wamaza. Mwanawe alipokuwa njiani, Émérance alifunga kula, akaungama moyoni, akatandika kitanda cha mtoto. Octave alirudi mchana wa jua kali, na nyuma ya baiskeli hapakuwa na mtu.

"Amekataa?" mama aliuliza.

"Kwao walimcheka. Walimwita mtoto wa sokoni. Basi Pascaline akachukua kisu cha kuvunia mpunga, akavikata vidole vya sita mwenyewe, ili nimwone mtoto ana vidole vitano nimpokee. Alikuwa anakuja kwangu, Mama. Mizigo alikuwa amekwisha kufunga. Mtoto akashikwa na pepopunda, taya zikakaza, hakunyonya tena. Nimeonyeshwa kaburi tu, Pascaline hakutoka nje."

Ungo ulimponyoka Émérance, mchele ukatapakaa chini. Alipiga magoti juu yake. Kwa mara ya kwanza hakumtafutia Mungu maneno.

"Waite watu," alisema. "Wale wale. Nitasema yote mbele yao, kisha nitakwenda kwa Padri. Waite sasa hivi, kabla moyo haujageuka."

Octave alitazama nje. Majirani walikuwa wakipita kutoka sokoni, nao walimsalimu kwa kuinama kidogo, wakimwita Dokta, ingawa hakuwa dokta. Wale wale waliokaa mbele ya kitunguu wakamwamini. Alingoja mpaka wa mwisho wao akapita.

"Nyamaza, Mama," alisema polepole. "Umezoea."

Jumapili walikwenda misa pamoja. Mlangoni mwa kanisa Emilienne aliuliza habari za Wamaza.

"Mtoto alikufa," Octave alisema.

"Afadhali," alisema Emilienne, akachovya kidole katika maji ya baraka.