Masomo Tisa na Simu Moja

Alikuwa anapitia kwa mara ya mwisho mada ya tezi za mwili, kalamu ikiwa mdomoni, alipokutana na maneno yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe na kupigiwa mistari miwili chini: *Tezi ya shingo ipo karibu na mshipa unaoendesha sauti. Mshipa ukiguswa, sauti inaweza kupotea. Mama. Alhamisi, saa tatu asubuhi.*

Akasoma tena, polepole. Hakuna mwalimu ambaye angesimama mbele ya darasa na kumtaja mama yake. Na leo ilikuwa Ijumaa.

Kalamu ikamdondoka. Chumba kilikuwa kilekile, kitanda kilichojaa vitabu, ratiba ya rangi nne iliyobandikwa ukutani, kikombe cha chai iliyoganda utando, lakini yeye alihisi kama mtu aliyeamshwa kwa kofi katika nyumba asiyoijua.

Darasani walimwita Tisa. Wenzake walisoma masomo sita kwa muhula, yeye tisa. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umemlia mwaka mzima, na pacha wake, aliyeanza naye chuo siku moja, Tisa stashahada ya maabara, mwenzake ualimu, akatangulia. Tisa akaapa kwamba watavaa joho mwaka mmoja kama walivyokuja duniani siku moja. Akajifunza kula akiwa amesimama, kusoma akipiga mswaki, na kuitikia watu bila kuinua uso. "Sawa" lilikuwa neno lake la kumfungia kila mtu mlango bila kumkera. Alijisifu moyoni kwamba hakuna kinachompita.

Akachukua simu. Jumapili, saa kumi jioni: pacha wake alikuwa amepiga. Walizungumza dakika kumi na nane. Akajaribu kukumbuka hata neno moja. Alikumbuka kwamba jioni ile alimaliza mada ya tezi na kufurahi kuimaliza mapema. Zaidi ya hapo palikuwa peupe.

Akapiga.

"Pacha, Mama yuko wapi?"

Sauti inayofanana na yake, ila iliyochoka, ikasema, "Leo ndiyo unauliza?"

"Niambie tu."

"Yuko wodini. Walimpasua jana. Jumapili si nilikueleza yote? Ukawa unaitikia sawa, sawa. Tena ukaniuliza mshipa wenyewe uko upande gani. Nikasema afadhali, leo ananisikiliza."

Tisa akashika ukingo wa meza.

"Halafu Mama akachukua simu," pacha wake aliendelea. "Akanitoa chumbani. Akasema anataka kuongea na wewe peke yenu, sauti ikiwa bado yake. Mliongea zaidi ya dakika kumi. Alikwambia nini?"

Tisa akafunua kurasa za daftari; hapakuwa na neno jingine.

"Jana akamwomba daktari wangoje kidogo. 'Mwanangu ameniahidi atakuja.' Wakangoja robo saa, Pacha. Halafu wakamsukuma ndani."

Tisa alitoka akiwa na kandambili miguuni. Saa ilikuwa sita na nusu. Mtihani wa fiziolojia ulikuwa saa nane kamili, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Kwenye ngazi za jengo la utawala akakutana na mshauri wa masomo, yule mzee mwembamba aliyetia saini fomu ya masomo tisa huku akitikisa kichwa.

"Wewe, ukumbi uko huku," alisema.

"Mama yangu amelazwa, Mwalimu. Amepasuliwa."

"Pole sana. Lini?"

"Jana."

"Umepata habari sasa hivi?"

Angeweza kusema ndiyo, na mlango wa huruma ungefunguka. "Nilipewa habari Jumapili," alisema. "Sikusikia."

Mzee akamtazama kwa muda, kama anayesoma karatasi yenye mwandiko mbaya. "Somo hili hufundishwa mara moja kwa mwaka. Usipofanya leo, utalirudia mwakani. Ule mpango wako na pacha wako ndiyo basi tena. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

Alishangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi. Akashuka ngazi zilizobaki mbili mbili.

Pacha wake alikuwa mlangoni mwa wodi, amekunja mikono. Hawakukumbatiana. "Haruhusiwi kusema kitu," alisema. "Hata kunong'ona. Daktari anasema mshipa ulivutwa kidogo. Huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Tungoje wiki mbili."

Mama alikuwa ameegemea mito miwili, bandeji nyeupe shingoni, ngozi ya uso imekaza kidogo kwa maumivu. Alipomwona bintiye uso wote ukafunguka, na hilo ndilo lililomvunja Tisa. Alikuwa amejiandaa kwa lawama. Hakuwa amejiandaa kupokewa.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika ule mkono usio na sindano. Mama akaubana mkono wa Tisa na kuinua nyusi, kama mtu anayeuliza: basi, unasemaje kuhusu yale niliyokuambia?

Ingekuwa rahisi kutikisa kichwa kwa kukubali. Alikwisha kuwa fundi wa hilo.

"Mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha, kubwa na nzima mno katika chumba kile. "Jumapili nilikuwa na simu sikioni. Lakini sikukusikia. Sijui hata neno moja ulilosema."

Vidole vya Mama vikalegea. Akamtazama, macho yametoka kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi, na kwa muda ule Tisa alitamani angetukanwa. Mlangoni, pacha wake akageuza uso. Kisha Mama akafumba macho. Chozi moja likatelemka hadi kwenye bandeji, mabega yakatikisika, na Tisa hakuweza kujua kama ni kilio au ni kile kicheko chake cha zamani, cha kuchekea balaa, kikitafuta njia ya kutokea bila sauti.

Saa ya ukutani ikagonga nane. Mama akafumbua macho, akaitazama saa, akamsukuma bintiye begani. Nenda. Hata hilo alilikumbuka, siku na saa ya mtihani.

"Siendi, Mama."

Akavua kandambili, akapandisha miguu kitandani. Mama akamtazama sana. Kisha akagusa midomo ya bintiye kwa kidole, akakipeleka kwenye sikio lake mwenyewe, akangoja.

Alitaka aongee.

Tisa akafungua kinywa. Akatafuta ndani ya miezi minne ya muhula ule kitu cha kumsimulia mama, akakuta majina ya vimeng'enya, tarehe za majaribio, ukurasa baada ya ukurasa. Akaendelea kutafuta. Mama hakuondoa mkono sikioni.

"Kuna dada anakaa chumba cha pili," alianza mwishowe, kwa kusitasita. "Kila asubuhi huwa anaimba akifua. Sijawahi kumuuliza jina."

Mama akaitikia kidogo kwa kichwa: endelea.