Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Kristofa hakuwa mtu wa maneno. Mashine za kuchakata mkonge alizijua hadi nati ya mwisho, lakini kumwambia mama mkwe wake ahsante kulimshinda miezi saba mizima. Mama Bertha aliteremka kutoka Lushoto siku ile binti yake Jenifa, mke wa Kristofa, alipojifungua kwa upasuaji. Kidonda kikagoma kupona, na ni yeye aliyemuuguza, na juu ya hayo akamlea mjukuu. Sasa kesho anarudi kwake milimani. Basi Mei Mosi hii Kristofa akajipa moyo, akatoka kwenye maandamano na fulana yake mpya, akawachukua wote mpaka hoteli ya Kihindi mjini, ile ambayo mama kila akipita husifu harufu yake.

Biriani ikaja inafuka moshi, na kuku wa tanduri, na mikate ya naani. Mama Bertha akakunja mikono ndani ya khanga, akatazama meza za wengine. Kristofa akamkaribisha, mama hakugusa kitu. Akamsogezea paja la kuku. Mama akasema ameshiba, naye tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Kristofa akanywea. Alijua amemkosea, ila hakujua kwa lipi, na kesho mama atapanda basi na kinyongo chake.

Jenifa akamfinya. Kwao, alimnong'oneza, mama hali mbele ya mume wa binti yake. Kutafuna mkwe akimwona ni aibu. Jamani, huyu Kristofa! Miezi saba mama anakula jikoni, mlango umefungwa, yeye akidhani ni mazoea tu. Ndivyo alivyo mtu aliyekulia kambi ya mkonge, kila kabila na lake, asijue hata moja.

Kristofa akainuka na sahani yake, akahamia meza ya pembeni, uso ukutani. Mwenye hoteli akaja kuuliza kama kuna ugomvi. Alipoelezwa akacheka kwa furaha, akasema mama yake mzazi alijifunika mtandio mbele ya baba mkwe mpaka mzee akafariki.

Nyuma yake Kristofa akasikia mfupa wa kuku ukivunjwa. Hapo, bila macho ya mtu usoni, ulimi ukafunguka.

"Mama," aliuambia ukuta, "bila wewe ningezika mke. Sina cha kukulipa. Ahsante."

Mama Bertha akameza kwanza.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Ila usigeuke. Bado nakula."