Mavuno ya Mwezi wa Kupanda

Mukandayisenga hakuwahi kumhesabu Katekista Mihigo kuwa mtu wa akili, lakini Jumapili ile aliyosimama mbele ya usharika wao, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kuwasomea barua ya wazungu ndipo alipojua kwamba ujinga wake ulikuwa bado unakua. Mtu mzima, mke na watoto sita, amevaa tai iliyomfika kitovuni, ameshika simu kama ameshika vibao vya sheria! Barua ilikuwa ya Kijerumani. Mihigo alikuwa ameipa simu yake itafsiri, kisha akajipiga kifua kwamba yeye ndiye aliyetafsiri.

"Wapendwa," akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "katika vuli sisi huleta mazao ya mashamba yetu madhabahuni. Mwaka huu tunakuja kusherehekea vuli pamoja nanyi, kwa kuwa urithi wetu wa Kilutheri ni mmoja."

"Vuli ni nini?" akauliza Mukandayisenga kutoka benchi la mbele. Hakunyosha mkono. Yeye alikuwa prezida wa kina mama wa usharika tangu kanisa lilipokuwa hema, na hakuona sababu ya kumnyoshea mkono mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga hiyo tai.

"Vuli ni mvua ya mwezi wa kumi, Mama Prezida. Kule kambini Tanzania kila mutu anaijua hiyo neno."

"Na mwezi wa kumi sisi tunavuna nini hapa Nakivale?"

"Barua inasema mazao. Kwani mimi ndiye niliiandika?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakasema amina. Ukweli ulikuwa rahisi, lakini nani angeuona? Huko kwa wazungu mwezi wa kumi ndiyo majira ya majani kukauka na ghala kujaa. Simu ikatafuta neno la majira hayo, ikaokota vuli. Kwetu mwezi wa kumi ni mvua ya kwanza, jembe mkononi na chungu kitupu, na mavuno ni mpaka mwezi wa kwanza. Basi usharika mzima ukaamriwa kuleta mazao katika mwezi ambao hata panya wamehama nyumba za watu.

Mukandayisenga aliondoka kanisani amebinua midomo. Aliwacheka wote: Mihigo, wazungu, na hao kondoo waliosema amina. Hakujua kwamba kicheko hicho kingemgharimu kitu alichokithamini kuliko vyote nyumbani kwake.

Kitu chenyewe kilikuwa maharage. Maharage madogo meusi yenye doa jeupe, watu wa kwao wakiyaita nyamanza, kwa jina la kile kindege cheusi na cheupe. Mama mkwe wake ndiye aliyeyatoa Minembwe, milimani Kivu ya Kusini, ameyafunga kiunoni ndani ya kitambaa siku walipokimbia. Alikula majani njiani, akanywa maji ya matope, akamzika mjukuu kando ya barabara, na maharage hayakupungua hata punje. Kabla ya kufa alimshika Mukandayisenga mkono akamwambia, "Kila mwaka uzipande. Mwaka mmoja tu ukizikosa, zimekwisha." Basi kila mvua ya mwezi wa kumi zilipandwa, kila mwezi wa kwanza zikavunwa, na mbegu ikahifadhiwa kwenye jagi la plastiki lenye majivu, chini ya kitanda. Mwaka ule jagi lilikuwa na kilo tano. Hapakuwa na nyingine.

Na hapakuwa na chakula kingine nyumbani cha kubeba kanisani. Wenzake walifanya ujanja wao. Mmoja alinunua kabichi sokoni Base Camp, makao makuu ya kambi, kabichi lenyewe limechoka. Mwingine aliazima mkungu wa ndizi kwa jirani Mnyankore, mwenyeji wa hapo, akaahidi kuurudisha jioni. Mukandayisenga, prezida, aingie na kabichi la kununua? Thubutu! Aingie mikono mitupu ndiyo kabisa haiwezekani.

"Leta ile nyamanza yako," Mihigo akamshauri, mlangoni kwake. "Ni ya picha tu. Ibada ikiisha, utapita mlango wa nyuma uchukue kikapu chako."

"Weye una uhakika?"

"Mama! Mimi niko katekista."

Jibu hilo halikuwa na akili hata kidogo, na siku nyingine angelisikia hilo. Lakini alikwisha kuwaza kikapu chake kizuri cha zamani kimejaa kilo zote tano, na nyuso za wenzake wakikiona.

Maana hapo ndipo penye mchezo. Usharika ule ulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: kitu kikishagusa madhabahu hakirudi nyumbani. Na mlinzi wa sheria hiyo alikuwa nani kama si Mukandayisenga? Muulizeni Vestine. Mwaka juzi Vestine, yule mwanamke mwembamba kutoka bondeni Uvira, alipita kanisani akielekea sokoni, akatua kikapu chenye kuku kwenye ngazi ya madhabahu ili afunge mtoto mgongoni vizuri. Kuku wa kuuza, huyo, wa dawa ya mtoto. Mukandayisenga akamwambia mbele ya watu, "Mwili wa kuku umegusa fasi hii ya Bwana. Acha." Vestine akaacha, akaondoka na mtoto wake mgongoni. Mukandayisenga alilala vizuri tu usiku ule.

Siku ya vuli ikafika. Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke wa makamo, wakarimu, wekundu kwa jua, waliokodi gari mjini Mbarara. Na walileta nini kutoka kwao? Majani! Naam, majani makavu ya miti, mekundu na ya njano, yamepakiwa kwenye mfuko na kupandishwa ndege. Yule mama akayatandaza madhabahuni moja moja, machozi yakimlengalenga, akieleza kupitia simu ya Mihigo kwamba hivi ndivyo kanisa lao linavyopambwa. Kina mama waliokuwa wamefagia uwanja tangu alfajiri wakatazamana. Mukandayisenga alifunika mdomo kwa kitenge asije akacheka kwa sauti. Watu wanaopanda ndege na takataka!

Kisha mazao yakapangwa juu ya takataka: kabichi lililochoka, ndizi za kuazima, mihogo ya kununua, na katikati kikapu cha nyamanza kinachong'aa. Wimbo ukaimbwa, sauti moja na lugha tatu, na hapo kweli palikuwa pazuri, hata Mukandayisenga asingelikana hilo. Picha zikapigwa. Yule mama mgeni akainama kwenye kikapu, akachota punje chache kiganjani, akauliza kitu. Mihigo akasoma tafsiri simuni.

"Anauliza, Mama Prezida atayapika leo?"

Ilikuwa nafasi ya kusema. Angesema tu, hizi ni mbegu. Lakini Mihigo, mbele ya wageni na kamera, alikuwa amevimba kichwa, na hakumpa muda.

"Apana!" akajibu mwenyewe, simu mdomoni, mkono juu. "Kwetu kitu kikishagusa madhabahu hakirudi nyumbani hata kidogo. Na mama huyu hapa ndiye analinda sheria hiyo. Hata kuku hakurudi!"

Wageni wakapiga makofi. Usharika nao ukapiga makofi, na benchi la nyuma kuna waliopiga kwa raha zaidi kuliko wengine. Mukandayisenga akasimama pale, tabasamu limemganda usoni. Aseme nini? Akisema ni mbegu, amekiri kwamba alimletea Mungu kitu huku akiwa na mpango wa kukichomoa mlango wa nyuma. Baada ya ibada alikwenda mlango wa nyuma hata hivyo, mbio mbio, na akakuta gari la wageni limekwisha kuondoka na mazao yote, yakauzwe Mbarara kwa faida ya paa la kanisa.

"Si uliniambia picha tu?" alimfokea Mihigo.

"Sasa mimi ningefanya nini, Mama? Wazungu walikuwa wanaangalia."

"Mwanamume mzima! Wazungu wanaangalia, basi na ubongo unatoka?"

Usiku huo mvua ilinyesha, ile mvua yenyewe ya kupandia.

Jumatatu alipanda gari la kwanza kwenda Mbarara. Akauliza, akazungushwa, akaelekezwa duka la nafaka la Swaleha, mwanamke wa Kiislamu mwenye mwili na sauti, aliyekaa kwenye kiti katikati ya magunia akinywa chai ya maziwa.

"Kikapu cha kanisa? Ndiyo, nyabo, mama yangu, dreva alileta jana jioni," akasema Swaleha. "Mimi nilinunua."

"Niuzie tena. Bei yoyote."

"Hakuna. Nilichanganya na ingine, nikajaza gunia ya shule. Lori ilienda asubuhi mapema."

"Ulichanganya?" Mukandayisenga akaingiza mkono katika gunia la karibu. "Ulichanganya nyamanza na maharage ya shule? Mama mkwe wangu alibeba ile mbegu kutoka Kongo kiunoni mwake! Haiko fasi ingine duniani! Wewe unauza nafaka, hujui mbegu ukiiona?"

Swaleha akaweka kikombe chini. Hakukasirika, na hilo lilimuudhi Mukandayisenga zaidi.

"Ile nyeusi yenye jicho nyeupe? Wallahi, nyabo, hiyo najua sana. Watu ya kule Bwizibwera wanaipenda, inaiva haraka. Kila msimu naletewa gunia mbili, tatu. Sasa imekwisha, ni wakati ya kupanda."

"Uongo. Nani anakuletea?"

"Mtu yenu ya huko Nakivale. Mwembamba hivi, haongei mingi. Vestine."

Loo! Mukandayisenga alitaka kupiga kelele ya mwizi palepale. Mwizi kabisa! Maana huyo Vestine aliwahi kumwomba mbegu hiyo, kikombe kimoja tu, na akamjibu kwamba nyamanza ni ya watu wa milimani, watu wa bondeni wapande michicha. Sasa je, aliingia vipi chini ya kitanda? Alimwaza njia nzima ya kurudi, akimpangia maneno ya kumvua nguo mbele ya watu. Ni walipokaribia Base Camp ndipo jambo likamjia. Hakuna aliyeingia chini ya kitanda. Kila mavuno yeye mwenyewe, kwa sauti ya kusikika barabarani, aliwaita maskini waokote punje zilizodondoka shambani kwake, kwa kuwa ndivyo Mungu alivyoagiza, na kwa kuwa ilipendeza kuonekana. Vestine alikuwa akija. Aliinama nyuma ya wenzake, akaokota, akashukuru, akaenda. Wengine walikwenda kupika.

Alikwenda moja kwa moja shambani kwa Vestine, na hakumkuta peke yake. Kina mama saba au wanane wa usharika walikuwa wamejipanga kwenye udongo uliolowa, kila mmoja na bakuli lake. Ndani ya kila bakuli, nyamanza. Walipomwona wakasimama wima na kuficha bakuli nyuma ya vitenge, watu wazima wenye wajukuu, kama watoto waliokutwa na sukari.

"Tangu lini?" akauliza Mukandayisenga.

Vestine ndiye aliyejibu. "Mvua ya tano sasa, Mama. Nilianza na viganja viwili. Nilipopata za kutosha, nikagawa. Kanisa muzima banapanda."

"Kanisa zima? Na mimi nisiambiwe?"

"Batu walikuogopa. Walisema ukijua, utazichukua zote useme ni za kwako."

Aligeuza macho kutafuta mmoja wa kukanusha. Yule wa ndizi za kuazima alitazama chini. Wa kabichi akajifanya ana udongo jichoni. Kumbe Jumapili nzima, alipokaa na kikapu chake katikati ya madhabahu akiwadharau kwa umaskini wao, wao walikuwa wameacha nyamanza zao majumbani, tayari kwa jembe, na hakuna aliyekuwa mjinga kiasi cha kuleta mbegu kanisani mwezi wa kupanda. Hata mmoja. Katika usharika wote mjinga alikuwa Mihigo, na mjinga wa pili alikuwa yeye.

Maneno yote aliyoyapanga garini yalikuwa bado yapo mdomoni, makali, tayari. Angeweza kuyatema, akageuka, akaenda zake na heshima yake, na mvua ikapita, na nyamanza za yule bibi wa Minembwe zikamea katika kila shamba la Nakivale isipokuwa la mkwewe.

"Nimekosa mbegu," akasema. Sauti ilitoka ndogo hata hakuitambua. "Vestine, mwanangu. Nisaidie mbegu."

Alingoja Vestine amcheke. Alingoja kuku atajwe, na bonde, na michicha. Kwa haki ya Mungu alikuwa tayari kuvisikia vyote, angejua pa kuviweka. Vestine hakutaja kitu. Alimwangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgonjwa aliyezidiwa, akamwangalia kwa huruma, mbele ya wale wote. Kisha akafunua bakuli lake.

"Kinga mikono, Mama," akasema taratibu.

Mukandayisenga akainama, akakinga mikono yote miwili.