Shamba la Bondeni Lahamia Uani

Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akipepeta maharagwe, wakati shamba la bondeni lilipoingia uani. Lilikuja taratibu na matuta yake yote, na mistari ya nyanya iliyofungiwa vijiti, likainama chini ya kamba ya nguo, likalala kati ya banda la kuku na choo.

"Liangalie, mwanangu, lisije likakanyaga vifaranga," mama mkwe wake alisema kutoka barazani.

Vifaranga walikuwa wachache. Nusu ya kuku Mama Pacha alikuwa amewapeleka kwa dada yake kijiji cha pili, ili ugonjwa wa kideri ukipita usizoe wote. Ndivyo alivyoishi: mbegu kidogo darini, kidogo chunguni, na mihogo kwenye mteremko wa mawe ambao hakuna aliyeuonea wivu. Mumewe aliuita huo uoga. Mumewe mwenyewe watu walimwita Uhakika, kwa kuwa ndilo neno alilomalizia mazungumzo yote. Mwaka uliopita jirani aliuza nyanya akaezeka bati. Basi Uhakika akang'oa mtama, kunde na viazi, akalijaza bonde zima nyanya. Mkewe alimsihi abakize japo robo.

"Nyanya zina bei," alimjibu. "Uhakika."

Sasa alirudi kutoka dukani, akakuta njia ya chooni imezibwa na shamba.

"Nani kalileta huku?"

"Limekuja lenyewe," mkewe alisema. "Baba Pacha, maji ya mto yameshabadilika rangi. Liache lilale hapa mpaka mvua ipite."

"Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, sijaona mafuriko mimi."

"Uliyaona," mama yake alisema. "Ulikuwa mgongoni mwangu. Ulilala."

Bwana shamba alipita na pikipiki yake. Alilizunguka shamba, akafikicha udongo kwa vidole, akasema kitaalamu halina tatizo, ila huku juu nyanya zitapigwa na upepo. Mashamba mengine alishakutana nayo njiani tangu asubuhi. Moja lilikataa kumpisha. Akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Uhakika alikata fimbo. Akaliswaga shamba kama ng'ombe, akilichapa matutani, nalo likashuka huku likigeuka nyuma kila mara kumtafuta Mama Pacha.

"Shamba langu haliwezi kunizidi akili," aliwatangazia majirani waliotoka kutazama.

Majirani walikubaliana naye kabisa kwamba mwanamume haongozwi na shamba lake. Kisha wakaenda kuhamisha mbuzi wao.

Mto ulifurika kesho yake mchana. Shamba lilirejea jioni limelowa chapachapa, nyanya zote zimekwenda na maji, kambare akirukaruka kwenye mtaro mmoja. Uhakika alimwokota kambare. Mama Pacha alileta majani makavu, akalifunika shamba pole pole, tuta moja baada ya jingine, mpaka likaacha kutetemeka.

Msimu ule walikula mihogo. Uhakika alikula, akaomba aongezwe.

"Uoga huu mtamu," mama yake alisema.

Mvua nyingine zilipokaribia, Uhakika aliitisha kikao cha familia. Kaka yake alikuja, na ami yake pia. Akasimama, akaeleza kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo kwamba hatari haidharauliwi, na kwamba kuanzia sasa hakuna kitakachopandwa kabla shamba halijaulizwa. Ami alimsifu: huo ndio ukomavu. Kaka yake akapiga makofi. Shamba likakaribishwa sebuleni na kutandikiwa mkeka, maana kwenye kiti lisingeenea.

Mama Pacha alisimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Mimi naona bonde tuligawe," alianza. "Nyanya kidogo, mtama, kunde, na kule juu..."

"Ngoja kwanza, mke wangu," Uhakika alimkatiza kwa upole. "Tunalisikiliza shamba."

Wanaume wote watatu wakainamisha vichwa, wakasikiliza. Ami alifunga macho ili asikie vizuri zaidi.

Shamba likajikunja upande mmoja, likampisha Mama Pacha apite na chai.