Ijumaa ya Kuwasha Boila

Semeni alianza kumchukia Veneranda kabla hajalijua jina lake. Alikuwa kwenye chumba cha dobi, povu mpaka viwikoni, aliposikia mumewe anacheka ng'ambo ya ukuta. Hamdani hakuwa mtu wa kucheka kazini. Hata nyumbani kwao Ujiji alicheka kwa kukunja mdomo tu, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Siku hiyo alicheka mpaka akakohoa, na sauti ya mwanamke ikacheka pamoja naye.

Ilikuwa Mei, mwaka 2015. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi kila siku, wakirundikana Kagunga kwenye ufukwe mwembamba uliobanwa na mlima, kisha meli ikawaleta Kigoma mjini. Kipindupindu kikaja nao. Hospitali ya misheni ambako Semeni alisimamia chumba cha dobi, na Hamdani alikuwa fundi wa umeme, ilijaa mpaka barazani. Mashuka yaliletwa kufuliwa tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na yote yalitaka maji ya moto kwelikweli. Maji ya uvuguvugu hayaui kitu.

Maji hayo yalitoka kwenye boila la dizeli lililokuwa chumba cha pili, ukuta mmoja na dobi. Kwa miaka mingi Hamdani ndiye aliyeliwasha kwa mkono, akakaa mbele ya geji kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Joto likipanda anazima, likishuka anawasha. Akiitwa wodini kutengeneza taa, akirudi anakuta boila limepoa au linanguruma. Ndipo wafadhili walipoleta kontrola ya elektroniki, sanduku jeupe lenye kioo kidogo cha tarakimu, la kuliwasha na kulizima boila bila mtu kukaa pale. Hamdani alilifungua, akatazama msitu wa nyaya na maelekezo ya Kifaransa, akalifunga tena.

Veneranda alikuwa akimuuguza mama yake kwenye baraza ya wodi ya wanawake. Alikuja dobi kuomba ndoo ya maji ya moto, akaliona sanduku kupitia mlango uliokuwa wazi. Akamwambia Hamdani kwa Kirundi kwamba kule Bujumbura, katika kiwanda cha sabuni alikokuwa fundi, aliwahi kufunga kontrola kama hiyo. Hamdani alizaliwa Kalinzi, kwa mama Muha. Akamjibu kwa Kiha, na wakaelewana kama watu wa kijiji kimoja. Katibu wa hospitali, Bwana Crispin, aliyehamishiwa pale kutoka Bukoba, akamruhusu Veneranda afanye kazi na Hamdani kwa muda ambao mgonjwa wake angekuwa wodini.

Semeni hakujua Kiha. Wazee wake walikuwa Wamanyema wa Ujiji na Kiswahili ndicho alichonyonya. Katika ndoa yake yote Hamdani hakuwahi kumsemesha kwa lugha ya mama yake, naye hakuona kama amekosa kitu. Sasa aliisikia ikitiririka nyuma ya ukuta kutwa nzima. Alikamua mashuka huku ametega sikio, asiambulie ila neno mojamoja la kifundi: laivu, nyutro, ethi, fyuzi. Halafu kicheko.

"Bi Semeni, yule mgeni ana mikono!" alisema Evaline, msaidizi wake. "Nimepita pale. Anaunganisha nyaya kama anasuka nywele."

"Wewe uliajiriwa kufua au kupita pale?"

Evaline akainamia mashuka yake. Baada ya muda Semeni mwenyewe akapata sababu ya kupita. Akawakuta wamepiga magoti mbele ya boila, Hamdani anamulika tochi, mwanamke anakaza skrubu. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa makamo, kitambaa kimefungwa kichwani bila urembo wowote. Semeni alikuwa amejiandaa kukuta msichana mzuri. Kukuta mtu wa kawaida kulimuuma zaidi, kwa sababu hakuona cha kulaumu. Pembeni mwao palikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, aliyoipika yeye kabla ya adhana ya alfajiri, na kikombe kimoja. Mwanamke alikinywea kikombe kile, akampa Hamdani, naye akakinywea bila hata kukitazama.

"Amahoro, mama," Veneranda alimsalimu, akijaribu kuinuka.

"Salama," alisema Semeni, akaondoka.

Jioni hiyo alipika samaki wa migebuka kwa mawese, akaweka na ugali wa muhogo, akangoja. Hamdani alikula haraka. Alikuwa na maneno mengi, jambo geni kwake.

"Kesho kutwa Ijumaa tunawasha," alisema. "Baada ya swala. Katibu atakuja, na mganga mkuu. Unajua lile sanduku linafikiri? Kuna kitu kinaitwa sensa ya joto, kidude kama kidole, tumekitumbukiza ndani ya bomba. Kina nyaya mbili tu. Kinapima maji, kinaliambia sanduku, sanduku linawasha moto au linazima. Waya mmoja wa sensa ukiachia, boila haliwaki kabisa. Linakataa! Linaona bora likae baridi kuliko kuchemka bila kuona. Veneranda anasema hiyo ndiyo akili yake."

"Veneranda ana mume?"

Hamdani aliacha tonge mkononi. "Sijamuuliza."

"Siku zote hizo mnaongea, hujamuuliza?"

"Tunaongea habari za boila."

"Na kucheka mnacheka boila?"

"Ndiyo," alisema Hamdani.

Semeni alimtazama usoni akaona ni kweli. Hapo ndipo wivu ulipomshika barabara. Angekuwa anamtongoza yule mwanamke, Semeni angejua la kufanya. Wanaume wa kutongoza aliwafahamu, na dawa zao pia. Lakini mumewe alikuwa na furaha ya moyoni, furaha aliyoifungia miaka yote kwa kukosa wa kumwonyesha, na aliyeonyeshwa hakuwa yeye.

Ijumaa mchana Hamdani alivua ovaroli, akaitundika kwenye msumari wa dobi, akaenda msikitini. Veneranda alikuwa wodini akimlisha mama yake uji. Evaline na wenzake walikuwa nje wanaanika. Semeni aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa ufunguo na bisibisi ndogo.

Ndani ya chumba cha boila kulinukia dizeli. Kifuniko cha sanduku kilikuwa bado hakijakazwa. Alizifuata kwa kidole nyaya mbili nyembamba zilizotoka kwenye bomba hadi zilipoingia sandukuni, akalegeza skrubu moja, akauvuta waya kidogo tu, ukaonekana kama bado umo. Alichowaza ni sura ya yule mwanamke mbele ya wakubwa, boila likikataa. Watamwona si fundi wa chochote. Watamrudisha kwao, au kambi ya wakimbizi, au popote. Akarudisha ufunguo na bisibisi mfukoni, akaendelea kufua.

Baada ya swala wakubwa walikuja wakasimama mlangoni, na wafuaji wakajazana nyuma yao kutazama. Semeni alikuwa miongoni mwao. Veneranda alipandisha swichi kubwa. Kioo kikawaka, kikaonyesha herufi moja na tarakimu, kisha taa nyekundu. Boila likakaa kimya.

Hamdani alizima, akawasha tena. Ikawa vilevile. Mganga mkuu akatazama saa, akasema ana wagonjwa, akaondoka. Bwana Crispin alibaki.

Veneranda hakubabaika. Alizima umeme, akafungua kifuniko, akaanza kugusa waya mmoja baada ya mwingine. Haikuchukua muda. Akaushika waya wa sensa, ukatoka wenyewe mikononi mwake. Akautazama, akamtazama Hamdani, akasema neno kwa Kirundi.

"Anasemaje?" aliuliza Katibu.

Hamdani alisita. "Anasema skrubu hii aliikaza mwenyewe jana. Imelegezwa."

"Imelegezwa na nani?" Bwana Crispin alikuwa mtu mpole, lakini wiki zile hakuwa amelala vizuri, na uso ulimkauka. "Ufunguo wa humu anao nani?"

"Ninao mimi."

"Na yeye huingia na wewe. Basi ni mmoja wenu wawili. Fundi Hamdani, nilisikia watu wakisema sanduku hili litakunyang'anya kazi. Sikutaka kuamini. Na wewe, dada, sikujui. Nimekuamini kwa neno la mtu. Mashuka ya kipindupindu yamelundikana pale nje, halafu mtu anacheza na moto wangu! Anayejua aseme, la sivyo huyu dada anakwenda na basi la leo la kambini, mgonjwa wake atamfuata akipona."

Veneranda alielewa Kiswahili cha kutosha. "Mama yangu hawezi kubaki peke yake," alisema polepole. "Hawezi hata kushika kikombe."

Kitu ambacho Semeni alikitaka kilikuwa kimefika. Alihitaji kunyamaza tu.

Ndipo Hamdani alipopiga hatua mbele. "Usimpeleke," alisema. "Ni mimi. Nililegeza mimi. Niliogopa kazi yangu."

Watu wakaguna. Veneranda akamgeukia, akatikisa kichwa, akasema maneno mengi ya haraka kwa lugha yao, na Hamdani akamjibu kwa upole, neno moja tu, kama mtu anayemtuliza wa kwake.

Semeni aliona giza. Mumewe, aliyeogopa hata kumwomba Katibu likizo, alikuwa anajitia tope mbele ya hospitali nzima kwa ajili ya mwanamke huyu! Je, kwa ajili yake yeye, mkewe, aliwahi kusema uongo hata wa kumkinga na mama mkwe? Hakupata kujua, baadaye, kama kilichomsukuma kilikuwa aibu au huruma. Wakati ule alijua kimoja tu, kwamba hatakubali Hamdani atoe zawadi ile kwa mwingine.

"Mwongo!" alipiga kelele, akiwasukuma wenzake. "Hukulegeza wewe! Nimelegeza mimi! Mimi, mkeo!"

Hamdani aligeuka. "Semeni, nyamaza."

"Sinyamazi! Unajitosa kwa ajili yake? Nilichukua ufunguo kwenye ovaroli yako ulipokwenda kuswali. Ulinifundisha mwenyewe, tukiwa tunakula. Waya mmoja tu, ulisema."

Aliyesogea alikuwa Veneranda peke yake. Alirudi kwenye sanduku, akaurudisha waya mahali pake, akakaza skrubu kwa nguvu, akafunga kifuniko, akapandisha swichi. Ndani ya boila kukasikika mlio wa feni, kisha cheche, kisha moto ukavuma. Tarakimu kwenye kioo zikaanza kupanda.

"Linawaka," alisema kwa Kiswahili, bila furaha, akaenda wodini kwa mama yake.

Usimamizi wa dobi alipewa Evaline. Semeni hakufukuzwa, maana mikono ilihitajika, lakini alipelekwa kudeki wodi za kipindupindu, na kila aliyempita alijua kwa nini. Hamdani alirudi nyumbani kila siku, akala, akaswali, akalala. Hakumtukana. Alimjibu alipoulizwa, basi.

Ndani ya wodi hizo hakuweza kumkwepa Veneranda. Siku moja alimkuta amemwinua mama yake anambadilishia kanga, na mkono mmoja haukutosha. Semeni akaweka ndoo chini, akamshika mgonjwa upande wa pili. Alikuwa mwepesi kama fungu la kuni kavu.

"Nisamehe, dada," alisema Semeni.

Veneranda alimaliza kufunga kanga kwanza. "Mume wangu alikuwa na wivu kama wewe," alisema. "Kule kiwandani nilifanya kazi na wanaume watupu. Alikuwa anakuja getini kuchungulia. Nilimchukia kwa hilo. Tulipokimbia usiku ule tukapotezana, na mpaka leo sijui aliko. Sasa ningefurahi achungulie." Akamlaza mama yake. "Lakini kukusamehe, mama, bado. Uliona heri mimi nitengwe na huyu. Ngoja kwanza."

Semeni akachukua ndoo yake. Akaendelea kudeki.

Mwezi haujaandama, yule mgonjwa alipata nguvu ya kukaa, na wote wawili wakapandishwa basi la kambini. Hamdani alikwenda kuwaaga. Aliporudi alikaa uani, miguu kwenye vumbi, na Semeni akatoka akakaa karibu naye.

"Baba Mwajuma," alisema, kwa jina la binti yao wa kwanza. "Niambie ukweli. Ulimtaka?"

Hamdani alijipangusa vumbi miguuni kwanza.

"Sikumtaka," alisema. "Lakini nilipenda kuwa pale naye. Nilikuwa naamka nikiwa na hamu ya kwenda kazini. Usiniombe niseme haikuwa hivyo."

"Na ulimkinga mbele za watu."

"Nilijua si yeye. Na nilijua si mimi." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. "Ovaroli yangu ilikuwa imetundikwa dobi, Semeni. Unadhani nilikuwa namkinga nani?"

Semeni alimkazia macho. Hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Alitaka kushika mkono wake, akaogopa, kisha akaushika. Hamdani hakuutoa, wala hakuufumbata.

Baadaye walisikia kwamba Veneranda amepata kazi ya kuangalia pampu za maji huko kambini. Hamdani ndiye aliyeleta habari, akaieleza mara mbili, uso umemng'aa. Semeni alisema alhamdulillahi, na alimaanisha. Halafu akaingia ndani kukoleza moto wa jiko, kwa sababu moyo ulikuwa umemchoma tena, mahali palepale, na hakutaka mumewe auone uso wake.