Kiti cha Kinyongo Juu ya Maziwa ya Barafu

Siku ile nililala jua likiwa bado halijazama, viatu vikiwa miguuni, kwa sababu sikutaka mtu yeyote wa Chogoria, mji wetu ulio chini ya Mlima Kenya, auone uso wangu. Kwa mwaka mzima mimi na Mutwiri tulikuwa tumepanga safari moja: kuwapandisha mlimani akina mama wa Mombasa mpaka kwenye maziwa yaliyochimbwa na barafu ya kale, maji ya kijani yaliyotulia kati ya majabali. Mutwiri ni kiongozi wa wageni mlimani, kama nilivyo mimi. Tumepanda pamoja tangu ujana, tumekula katika sufuria moja, na mama yangu humwita "mwanangu". Katika mipango yetu yote kulikuwa na jambo moja tuliloapa kutoligusa: wageni wangepumzika siku nzima katikati ya njia, miili yao izoee hewa nyepesi kabla ya kupanda zaidi.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuwasalimu kwenye nyumba ya wageni. Kiongozi wao, Bi Maimuna, muuguzi mstaafu, alinishika mikono yote miwili kabla sijamaliza shikamoo. "Pole mwanangu Karimi. Mutwiri katwambia u mgonjwa, huwezi kupanda nasi kesho. Lakini katufurahisha pia. Kumbe hakuna haja ya kupumzika njiani, tutafika ziwani upesi." Nilimtazama Mutwiri. Alikuwa anafunga kamba ya begi ambayo ilikwisha kufungwa, na hakuinua macho. Nikasema, "Ahsante, Bi Maimuna," nikaenda zangu, na njia nzima nikajiambia: waache wapande, watajua wenyewe.

Usingizi uliponichukua nilijikuta katika nchi ya miinuko, ambako nyasi zilikuwa na rangi ya fedha na ukungu ulitambaa chini kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi. Mbele yangu alitembea mwanamke mrefu aliyebeba mtungi wa maji mgongoni, na kila alipopita, maua yaliyokuwa yamejikunja kwa baridi yalifunguka. "Naitwa Subira," alisema bila kugeuka. "Nifuate, ila usinitangulie." Tulipanda polepole, pumzi ikienda na mguu. Mara akatupita kijana mzuri aliyevaa vazi jekundu, jina lake Haraka, akiwa amembeba mtu begani huku akiimba. Mwanzoni nilimwonea wivu. Lakini tulipofika kwenye kona ya juu tuliwakuta wote aliowabeba wamelala kando ya njia, wameshika vichwa, midomo imegeuka buluu, naye hayupo, amerudi chini kuchukua wengine. Subira alipiga magoti, akawanywesha mmoja mmoja. Nami sikumsaidia. Nilikuwa nimeona nyumba yenye moto.

Ilikuwa nyumba ya mawe ukingoni mwa genge, na mwenyewe alinikaribisha kwa heshima zote. "Karibu, dada yangu uliyedhulumiwa. Mimi ni Kinyongo. Nimekuwekea kiti." Kiti kilikuwa laini, moto ulikuwa mtamu, na dirisha lake lilitazama maziwa yote ya nchi ile, moja chini ya jingine, kama sahani zilizopangwa mezani. Alinisimulia mabaya yote niliyotendewa, vizuri kuliko ningeyasimulia mwenyewe, na kila neno lilinipasha joto. Kisha akanionyesha ukingo wa ziwa. "Tazama, wanakuja." Nikawaona akina mama wa Mombasa, wakipepesuka katika mabuibui yao mazito, na mbele yao mtu aliyefunikwa uso. "Huyo ni Usaliti," Kinyongo alisema. "Tulia tu. Watakapoanguka, dunia nzima itajua nani alikuwa mkweli."

Bi Maimuna alianguka. Nilimwona akitapika juu ya mawe, akijaribu kusimama, akikaa tena, na upepo ukaniletea sauti yake: "Karimi yuko wapi?" Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulichekelea. Nikainama dirishani nione vizuri zaidi. Maji ya ziwa yalikuwa yametulia mno, yakiwarudishia wote nyuso zao. Yule aliyejifunika alionekana humo bila kitambaa, nami nilitarajia zimwi. Alikuwa Mutwiri. Mutwiri yule yule, mwenye kovu la kidevuni, aliyewahi kunibeba mgongoni nilipoteguka mguu. Afadhali angekuwa zimwi! Na juu yake, katika maji yale yale, niliuona uso mwingine ukitazama kutoka dirishani, meno nje, ukisubiri watu waumie. Ulikuwa wangu.

"Subira!" nilipiga kelele. Alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wake. "Alinisaliti," nikamwambia nikilia. "Alimwambia mama yule uongo juu yangu." "Ni kweli," alijibu. "Wala sikuambii umsamehe. Ila wale kule chini wamekukosea nini?" Nikashika mikono ya kiti nijiinue, nacho kikaninata, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikaanguka.

Niliamka sakafuni. Majogoo walikuwa wanawika. Nikaelewa, kwa uchungu, kwamba Mutwiri alidanganya mara moja tu. Kunyamaza kwangu ndiko kungeufanya uongo wake uue. Nilikimbia barabarani na viatu vile nilivyolala navyo, nikalikuta gari la wageni linanguruma, mizigo iko juu.

"Bi Maimuna, mimi siumwi. Sijaumwa hata siku moja. Na mkipanda bila kupumzika, kuna mwenzenu hatarudi kwa miguu yake."

Bi Maimuna alimgeukia Mutwiri. "Ni kweli haya, baba?"

"Kweli," akasema Mutwiri. "Nilitaka safari hii iitwe yangu." Akashusha begi lake, akaondoka bila kuniaga.

Tulipanda, tukapumzika, tukapanda tena. Akina mama walipoliona ziwa la kwanza wakapiga vigelegele hadi majabali yakaitika, wazima wote, na Bi Maimuna akanawa uso kwa maji yale akicheka kwa baridi. Nikageuka kwa mazoea kumwambia Mutwiri, "Umewasikia?" Nyuma yangu kulikuwa na mawe tu.